Linda Pensheni Yako Kabla Haijawa Mfuko wa Ukoo Mzima

Nimefanya kazi masijala, kisha idara ya utumishi, hapahapa Tabora, tangu enzi za majalada ya kufungwa kamba mpaka enzi za mfumo wa kompyuta. Majalada ya wastaafu yamepita mikononi mwangu mengi kiasi kwamba nikiona jalada jembamba la mtu aliyetumikia miaka 30, najua tutasumbuana. Sasa na mimi nimestaafu, naishi Cheyo, na bado watu wanabisha hodi na bahasha zao kwapani. Haya ndiyo ninayowaambia barazani.

Kila mtu siku hizi anauliza nani atabeba gharama za wazee: dawa za presha, vipimo, mtu wa kumgeuza mgonjwa kitandani. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita mwaka 2023, na mjadala wa fedha zake haujapoa. Mimi naunga mkono kila kitu kinachomfanya mzee atibiwe. Ila wakati wakubwa wanajadili, gharama hizo tayari zina mlipaji, naye ni yule mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili ambaye ukoo mzima unaijua tarehe yake ya benki. Pensheni ni ujira wake uliokatwa miaka yote ukawekwa. Haikukusudiwa kuwa idara ya ustawi wa jamii ya watu 14. Kuilinda ni kazi ya mikono, na huanza kabla ya kustaafu.

Jalada kwanza

Ukifika miaka 50, nenda kaombe kuona jalada lako binafsi. Usingoje notisi ya miezi 6 kabla ya kustaafu, maana miezi 6 haitoshi kutafuta barua iliyoliwa na mchwa. Zitafute barua hizi kwa macho yako: ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini, za kupandishwa vyeo, na za uhamisho kama uliwahi kuhama. Kila moja itoe nakala, uihifadhi nyumbani mahali ambapo mvua na wajukuu hawafiki.

Linganisha majina. Hapa ndipo watu wengi wa mkoa wetu wanapokwama. Cheti cha shule kinasema Mohamedi, barua ya ajira inasema Mohamed, kitambulisho cha NIDA kimeongeza jina la babu, na cheti cha ubatizo cha mwenzake kina jina la Kinyamwezi ambalo halipo popote pengine. Tarehe za kuzaliwa nazo ni hivyohivyo. Rekebisha ungali kazini, kwa kiapo cha majina mbele ya wakili au hakimu na taratibu za NIDA, kwa sababu ukiwa mtumishi ofisi inakusikiliza. Ukishatoka, unapanga foleni na wengine.

Kisha angalia michango. Kwa mtumishi wa umma aliye PSSSF, yaani mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, kinachokwenda mfuko ni asilimia 20 ya mshahara: 5 unakatwa wewe, 15 anaweka mwajiri. Hati ya mshahara inakuonyesha ile 5 tu. Kuona kama zote 20 zimefika, omba taarifa ya michango kutoka mfuko wenyewe, kwa simu yako au ofisini kwao, na uipitie mwezi kwa mwezi. Wanaolipwa kwa mapato ya ndani ya halmashauri, madereva na walinzi hasa, wapitie mara mbili. Miezi iliyopungua ni hasara halisi, kwani bila michango ya miezi 180 huna pensheni ya kila mwezi. Unapewa malipo ya mara moja, mambo yameisha.

Hesabu mwenyewe

Usikubali kuambiwa mafao yako na mtu wa kijiweni. Kikokotoo si siri. Unachukua wastani wa mshahara wa mwaka, yaani ile miaka 3 iliyo bora ndani ya miaka 10 ya mwisho. Unazidisha kwa miezi uliyochangia. Unagawanya kwa 580. Jibu ni pensheni yako ya mwaka mzima, kabla haijagawanywa.

Tumchukue mwalimu aliyechangia miaka 35, yaani miezi 420, na wastani wake ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi, sawa na 14,400,000 kwa mwaka. Zidisha kwa 420, gawanya kwa 580: unapata kama 10,427,600. Kwa kanuni iliyoanza Julai 2022, kabla ya kubadilishwa 2024, asilimia 33 ya hapo ilizidishwa kwa 12.5 na kulipwa kwa mkupuo: kama shilingi milioni 43. Asilimia 67 iliyobaki iligawanywa kwa miezi 12: kama 582,000 kila mwezi mpaka mwisho wa uhai wake.

Kanuni ya zamani ya waliokuwa PSPF, mfuko wa watumishi uliotangulia PSSSF, iligawanya kwa 540, ikazidisha kwa 15.5, na mkupuo ulikuwa asilimia 50. Kwa mshahara uleule, mwalimu huyu angeondoka na milioni 86.8, na pensheni ya mwezi kama 466,700. Sasa kaa chini na kalamu. Kwa kanuni ya 2022 mkupuo ulipungua kwa karibu milioni 44, pensheni ya mwezi ikapanda kwa kama 115,500. Ingemchukua zaidi ya miaka 31 kuifidia tofauti ile kwa nyongeza ya kila mwezi. Aliyestaafu na miaka 60 angekuwa na 91. Kwa hiyo wanaolalamika si wajinga wa hesabu, na simwambii mtu anyamaze. Kelele zenyewe zimezaa matunda: kanuni ya 2018, iliyotaka mkupuo wa asilimia 25, ilisitishwa na Rais Magufuli Desemba mwaka huohuo; na bajeti ya 2024/25 ilipandisha ile 33 kuwa 40 kwa waliokuwa kundi la asilimia 50, yaani ambao mfuko wao wa zamani ulilipa mkupuo wa nusu, na kuwa 35 kwa waliokuwa kundi la asilimia 25, ambao wao ulilipa robo. Ukienda mfuko, swali lako la kwanza liwe: mimi niko kundi lipi?

Mshahara bora unahesabika kwa miaka 3. Hiyo ina maana kwamba daraja ulilocheleweshewa ukiwa na miaka 58 linakuuma mpaka kaburini. Dai kupandishwa ungali na miaka 55. Wengi wanaona haya kumfuata afisa utumishi kwa jambo hili, wanasubiri wakumbukwe. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti hicho. Anayekumbukwa ni yule aliyekuja.

Mkupuo nitausemea kwa ufupi, kwa kuwa wengine wameusema sana. Sheria inataka mafao yalipwe ndani ya siku 60. Yakiingia, yaache benki kwa muda kabla ya kuanza chochote. Usinunue basi dogo. Usilime tumbaku kama hujawahi kulima tumbaku. Maliza nyumba uliyoianza, na hasa choo cha ndani kisicho na ngazi, maana kuna siku utakihitaji au mwenzako atakihitaji.

Uzee wa nyumbani na nani analipa nini

Mume wangu alipata kiharusi nikiwa bado kazini. Upande wa kulia haukurudi. Kwa hiyo ninaposema gharama za kumtunza mtu sisomi kwenye sera. Kuna msaidizi wa kumwinua na kumwogesha, kuna pampasi za watu wazima, kuna dawa, kuna bajaji ya kwenda hospitali ya Kitete na kurudi, kuna chakula laini kisicho na chumvi ambacho hakiliwi na wengine hivyo kinapikwa peke yake. Ukijumlisha vizuri utagundua kwamba dawa si kitu kikubwa kuliko vyote. Kikubwa ni mtu: mikono ya mtu mwingine, kutwa na usiku. Bima hailipi mikono hiyo.

Hatua ya kwanza ni kutumia kila kilicho haki yako kabla ya kugusa pensheni. Mtumishi aliyekuwa NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, anapostaafu, yeye na mwenza wake wanaendelea kutibiwa bila kuchangia tena. Kafuatilie kadi ya mstaafu mapema, usiache ile ya utumishi izimike ukiwa wodini. Kadi hiyo haimhusu mama mkwe wala shangazi unayeishi naye. Kwao, Sera ya Wazee ya 2003 inasema mwenye miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bure. Nenda kwa mtendaji wa mtaa, jina lake liandikwe, apigwe picha, apate kitambulisho cha matibabu. Kitambulisho kisipoheshimiwa dirishani, usirudi nyumbani. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii ilipo hapohapo hospitalini, kila hospitali ya mkoa inayo. Ni kweli mara nyingine utaambiwa kumwona daktari ni bure lakini dawa kanunue nje. Hata hivyo umeokoa sehemu. Kaya iliyo hoi kabisa iulizie TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, na mzee asiye na ndugu hata mmoja serikali ina makazi, hapa kwetu yako Ipuli. Nayasema haya kwa sababu nimeona wastaafu wakilipia kutoka mfukoni vitu ambavyo mtaa ulikuwa umeshavipangia utaratibu, eti kwa kuona aibu kuitwa maskini.

Hatua ya pili ni kikao. Waite watoto wote, hata aliyeko Dar aunganishwe kwa simu. Usiwaambie pensheni yako ni shilingi ngapi kama hutaki. Waambie gharama za mgonjwa ni shilingi ngapi. Tofauti ni kubwa. Ukitaja kipato, kikao kitajadili jinsi ya kukigawa. Ukitaja gharama, kikao kitatafuta walipaji. Mimi nililiweka daftari mezani, kila mstari kitu kimoja: msaidizi, pampasi, dawa za nje, unga na mchele, nauli. Kila mtoto akachagua mstari, jina lake likaandikwa mbele. Hakuna “nitasaidia nikipata”. Asiye na fedha alipe kwa mikono, aje Jumamosi na Jumapili msaidizi apumzike. Mstari uliobaki bila jina ndio wa pensheni yangu, na ninaujua mapema.

Mtoto mmoja aliuliza kama pensheni si ya baba na mama pamoja, na kwa hiyo ya familia. Nikamjibu kwamba ni ya familia baada ya mimi kula. Wakacheka, lakini walielewa.

Sasa kuhusu wajukuu. Ada ya shule za serikali imefutwa mpaka kidato cha sita. Kinachobaki ni michango, sare, madaftari na nauli, na wazazi wao wako hai. Bibi anunue kalamu kwa mapenzi yake, lakini asiwe ndiye mhasibu wa shule. Najua neno hili linaonekana kali kwa jamii yetu ambako mtoto ni wa wote. Nimewaona akina mama wakivunja vidonge vya presha nusu kwa nusu ili mwezi ufike, huku sare mpya zinaning'inia ukutani. Kali ni lile.

Kadi, namba ya siri na sauti za simuni

Mikopo ya kausha damu imewala walimu, na sasa inawatafuta wastaafu kwa sababu pensheni haikosi kuingia. Alama ya kumjua mkopeshaji mbaya ni moja: anataka kadi yako ya benki na namba ya siri abaki nazo. Mwondokee hapohapo. Mkopeshaji halali ana leseni ya Benki Kuu na mkataba unaosomeka, wenye riba iliyoandikwa na ratiba ya marejesho. Benki nazo zinakopesha wastaafu kwa makato ya pensheni. Hilo ni halali, ila kabla ya kusaini jiulize kiasi kitakachobaki kinatosha mistari yako ya daftari mpaka mwezi wa mwisho wa mkopo. Na usikope kwa ajili ya biashara ya kijana. Kama biashara ni nzuri, kijana akakope mwenyewe.

Wengi wetu hatutoki kwenda benki, tunamtuma mjukuu kwa wakala. Mtume, lakini namba ya siri ibonyeze wewe. Kama huwezi kutembea, wakala anaweza kukufuata nyumbani, wengi wa mjini wanafanya hivyo ukiongea nao vizuri.

Halafu wale wanaopiga simu. Anakutaja jina lako lote, kituo ulichostaafia, hata mwaka, anajiita afisa wa hazina au wa mfuko, anasema kuna nyongeza ya mafao yako imekwama na inahitaji “ada ya kuharakisha” kabla ya saa kumi. Mfuko haudai fedha ili ukulipe fedha. Kata simu. Ukitaka uhakika, nenda ofisini au piga namba iliyo kwenye nyaraka zako, siyo ile iliyokupigia.

Uhakiki usiuchezee. Mstaafu anatakiwa kuthibitisha kwamba yu hai, na asiyehakikiwa pensheni yake husimamishwa mpaka ajitokeze. Siku hizi unaweza kuhakikiwa kwa simu janja, inapiga picha ya uso wako, bila kupanda gari kutoka Sikonge au Kaliua. Fanya na kijana unayemwamini, mchana, penye mwanga. Kwa aliyelala kitandani kama mume wangu, toa taarifa mfuko mapema waelekeze namna ya kumhakiki alipo. Usingoje pensheni ikatike ndipo uanze kueleza ugonjwa.

Kwenye mjadala mkubwa

Kuna kulinda pensheni nyumbani na kuna kuilinda kule zinakoamuliwa sheria. Mpwa wangu anatunza wazee Uingereza, na ndiye aliyenifungua macho. Kule pensheni ya serikali ina ahadi ya kupandishwa kila mwaka kwa kufuata kilicho kikubwa kati ya mfumuko wa bei, mishahara au asilimia 2.5. Septemba 2021 serikali ilitangaza tozo ya asilimia 1.25 kwa ajili ya afya na utunzaji wa wazee, na siku hiyohiyo ikatangaza kusitisha kwa mwaka mmoja kile kipengele cha mishahara. Sababu waliyotoa ni kwamba mishahara ilikuwa imepanda isivyo kawaida baada ya korona, na huenda ni kweli. Mwaka uliofuata tozo ilifutwa, lakini nyongeza ya kufuata mishahara ya mwaka ule ilishapotea. Hakuna nchi tajiri kiasi cha kutotamani mfuko wa wazee.

Sisi hatuna ahadi ya namna hiyo. Nyongeza kwetu inategemea tathmini ya uhai wa mfuko, na mfuko wenyewe una historia. Watumishi wa kabla ya 1999 hawakuwa wakichangia. PSPF ilipoanzishwa mwaka huo ikabeba mafao yao, Serikali ikabaki inadaiwa. Mwaka 2018 mifuko minne, yaani PSPF, LAPF, GEPF na PPF, ikaunganishwa kuwa PSSSF, na deni likahamia humo. Ilikuwa mwaka wa fedha 2021/22 ndipo Serikali ilipotoa hatifungani maalumu ya shilingi trilioni 2.17 kupunguza deni hilo. Majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma nayo yalijengwa kwa fedha za mifuko. Sisemi chuo ni kibaya, wanetu wamesoma pale. Nasema fedha ikishatoka kwa jina la manufaa ya taifa, anayesubiri irudi ni mstaafu.

Kwa hiyo kwenye baraza la wazee la kata yako, au mbunge akija, usiulize “pensheni itaongezwa lini?” Atajibu kwamba Serikali sikivu inalifanyia kazi, na mtapiga makofi. Uliza kinachoweza kujibiwa kwa namba. Deni la Serikali kwa mfuko limebaki kiasi gani? Matibabu ya wazee wasio na uwezo yatalipwa kwa kodi ipi? Zanzibar tangu Aprili 2016 inalipa pensheni jamii kwa kila mwenye miaka 70, ilianza na shilingi 20,000 na sasa ni 50,000, na inatoka bajeti ya serikali, siyo michango ya wafanyakazi. Kwa nini kwetu isiwe hivyo? Ripoti ya CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inawekwa hadharani kila Aprili. Mwombe kijana akufungulie sehemu ya mifuko ya hifadhi ya jamii, mwandike mistari miwili mitatu, mwende nayo mkutanoni. Mbunge anayeona mzee ameshika karatasi yenye namba hujibu kwa tahadhari.

La mwisho ni bahasha. Weka humo namba yako ya mfuko, nakala ya kitambulisho, hati ya ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na jina la benki. Mwonyeshe mtu mmoja ilipo. Ukifariki, familia itoe taarifa mfuko haraka na kupeleka cheti cha kifo, wala isiendelee kutoa fedha kwa kadi yako, kwa sababu zitadaiwa zirudi na mafao ya wategemezi yatakwama hapo. Kama una ndoa zaidi ya moja, au mtoto ambaye nyumbani hajulikani, vyeti vyao navyo viwe ndani ya bahasha hiyohiyo.